Alister Hardy, aliyeziomba meli zimpimie bahari

Mwishoni mwa Januari mwaka 2002, samaki waliokufa walianza kuletwa na maji kwenye fukwe za Kiunga, kule mwisho wa kaunti ya Lamu, na upande wa pili wa mpaka, Somalia. Hapakuwa na meli iliyomwaga mafuta. Wataalamu waliochunguza maji wakayahusisha maafa yale na mlipuko wa vimea vidogo vya baharini, vile visivyoonekana kwa jicho mpaka viwe maelfu kwa maelfu na kuyabadilisha maji rangi.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana. Jambo lililonibakia kichwani si habari ya samaki bali mabishano ya barazani. Mzee mmoja alishikilia kuwa mambo hayo yapo tangu zama, maji huchafuka, samaki wakafa, kisha bahari ikajisafisha. Mwenziwe, naye mvuvi wa umri ule ule, aliapa hajapata kuona kitu kama kile tangu azaliwe. Waliteta mpaka adhana ya magharibi na hakuna aliyeweza kuamua baina yao, kwa sababu hapakuwa na mtu pale mwenye daftari la kuonyesha bahari ilikuwaje mwaka jana, mwaka juzi, au miaka thelathini nyuma.

Wiki hii, ndugu msomaji, nataka nikusimulie habari za mtu aliyelianzisha daftari hilo katika bahari za kwao. Jina lake Alister Hardy, Muingereza. Wanaosomea elimu ya bahari wanamjua vizuri. Sisi tunaoishi kwa bahari hatumjui, na nadhani tunapaswa kumjua.

Kwanza tuelewane kuhusu hivyo vidudu. Mwaka 1887 mtaalamu wa Kijerumani, Victor Hensen, alivipa jina la planktoni viumbe vyote vinavyoelea na kuchukuliwa na maji bila uwezo wa kushindana na mkondo. Vingine ni wanyama, mfano wa uduvi na watoto wa kaa. Vingine ni mimea midogo mno, inayotumia mwanga wa jua kama unavyoutumia mnazi. Mimea hiyo ndiyo shamba la bahari. Uduvi hula humo, simu na dagaa humla uduvi, nguru na jodari humla dagaa, nasi tukamla nguru. Shamba likikosa kuota, juu kote ni njaa.

Lakini katika maelfu ya aina za vimea hivyo zimo chache zenye madhara. Vikiota kwa wingi kupita kiasi, kisha vikafa na kuoza, hula hewa yote iliyomo majini na samaki wakakosa pumzi. Vingine huziba matamvua ya samaki. Vingine vina sumu yenyewe. Chaza na kome huyachuja maji wapate chakula, na sumu ikajikusanya ndani yao bila wao kudhurika. Anayewala ndiye anayedhurika, midomo ikaanza kufa ganzi, kisha viungo, na ikizidi, pumzi. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na baadhi yake haiondoki hata ukichemsha chungu saa nzima.

Sasa turudi kwa bwana Hardy.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1896 mjini Nottingham, katikati ya Uingereza, mji usio na bahari. Babake alikuwa msanifu wa majengo. Mwaka 1914 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea viumbe, na mwaka huo huo Vita Vikuu vya Kwanza vikaripuka. Akaacha vitabu akaingia jeshini, katika kikosi cha askari wa baiskeli. Baadaye, kwa vile mkono wake ulikuwa hodari wa kuchora, alipelekwa kujifunza kazi ya kuficha mizinga na majengo kwa rangi ili adui asiyatambue.

Katika mwaka huo wa 1914 aliweka nadhiri. Akinusurika na vita, atayatumia maisha yake kutafuta namna elimu ya viumbe na imani ya Mungu zinavyoweza kukaa nyumba moja. Alinusurika. Nadhiri yake tutaikuta mbele.

Baada ya vita alirudi Oxford akamaliza masomo, akapata nafasi ya kwenda Naples, Italia, penye maabara mashuhuri ya viumbe vya bahari. Mwaka 1921 akaajiriwa na idara ya uvuvi huko Lowestoft, bandari ya mashariki mwa Uingereza iliyokuwa mashuhuri kwa samaki aitwaye heringi. Huyu ni jamaa wa simu wetu, ila mkubwa zaidi. Kazi ya Hardy ilikuwa kupasua matumbo ya heringi, wakubwa kwa wadogo, na kutazama kwa hadubini wamekula nini. Kazi ya kunuka, lakini ndiyo iliyomfungua macho. Aliona kuwa huwezi kujua samaki yuko wapi kama hujui chakula chake kiko wapi.

Kule Lowestoft alifanya jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi hadi leo. Aliwasikiliza wavuvi. Manahodha wa pale walikuwa wakijua tangu zamani kuwa kuna maji yasiyo na heringi. Maji hayo huwa mazito, yana rangi ya kahawia au ya kijani, na wavu hutoka humo umejaa utelezi. Hawakuwa na jina la kitaalamu la kitu kile, bali walijua wakiyaona wageuze tanga. Hardy aliyachota maji yale akayatia chini ya hadubini, akakuta yamejaa vimea vidogo kupindukia. Wavuvi walikuwa sawa.

Basi akawatengenezea kifaa kidogo cha chuma, chembamba kama samaki, chenye kipande cha hariri ndani. Nahodha hukivuta nyuma ya chombo kwa muda mfupi kabla ya kutupa nyavu, kisha akakitoa kile kitambaa na kukitazama. Kikiwa cha kijani na utelezi, asiingie gharama ya bure, asogee mbele. Kikiwa na uduvi mwingi, hapo pana heringi. Walikijaribu misimu kadhaa, na kwa jumla nyavu zilizotupwa penye uduvi zilipata zaidi kuliko zilizotupwa penye vimea vizito.

Mwaka 1925 aliondoka na meli iitwayo Discovery kwenda bahari ya barafu kusini mwa dunia, akiwa mkuu wa wataalamu wa viumbe. Ni meli ile ile ambayo nahodha Scott aliitumia mwanzoni mwa karne katika safari yake ya kwanza ya kusini. Safari ya Hardy ilihusu nyangumi. Makampuni yalikuwa yakiwaua kwa maelfu karibu na kisiwa cha South Georgia, na serikali ya Uingereza ilitaka kujua nyangumi hao wanaishi vipi kabla hawajamalizwa. Chakula chao ni krili, aina ya uduvi wa baharini, na krili nao hutegemea vile vimea.

Huko ndiko alikokutana na tatizo lililomkosesha usingizi. Desturi ya kupima planktoni ilikuwa kusimamisha meli, kushusha wavu wenye matundu madogo, kuupandisha, kuhesabu, kisha kwenda mbele maili nyingi na kusimama tena. Lakini planktoni haikai sawasawa kama chumvi katika mchuzi. Inakaa mafungu mafungu kama mawingu. Unaweza kushusha wavu penye wingu ukasema bahari imejaa, na mwenzako akashusha hatua chache pembeni akasema bahari ni tupu, na nyote mkawa wakweli. Hardy akataka chombo kitakachopima njia nzima bila kukatiza, meli ikiwa mwendoni.

Akakibuni, akakijaribu katika safari ile ile. Aliporudi mwaka 1927 alikiboresha. Ni sanduku la chuma lenye umbo la samaki mnene, urefu wake kama mita moja, linalovutwa kwa waya nyuma ya meli kwenye kina cha mita kama kumi. Mdomoni lina tundu dogo la upana wa kidole. Maji huingia humo na kupita katika kitambaa cha hariri, na kila kilichomo kinanasa. Nyuma yake ipo rafadha ndogo inayozungushwa na maji yenyewe, nayo huzungusha magurudumu ya meno yanayokisogeza kitambaa polepole. Kitambaa cha pili hukifunika cha kwanza ili vilivyonaswa visitoke, kisha vyote viwili vikajikunja ndani ya tangi lenye dawa ya formalini visioze. Kila maili 10 za baharini ni kama sentimita 10 za hariri. Meli ikifika bandarini unalikunjua jora lako na kuisoma bahari kuanzia maili ya kwanza hadi ya mwisho.

Hakihitaji umeme, na hakina haja ya mtaalamu ndani ya meli. Hapa ndipo palipokuwa na akili kubwa ya mtu huyu. Mwaka 1928 aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wanyama katika chuo kipya cha Hull, mji wa bandari. Hakuwa na fedha za kununua meli wala za kukodi. Lakini kila siku aliziona meli za biashara zikitoka Hull kuvuka Bahari ya Kaskazini, zikirudi, zikitoka tena, jua na mvua. Akawaendea wenye meli na manahodha akawaomba wamvutie sanduku lake. Mabaharia wakishusha na kupandisha, na shehena yao ikienda kama kawaida. Mwaka 1931 meli ya kwanza ya biashara ilifanya hivyo. Nyingine zikafuata, njia zikaongezeka, na hazikukatika hadi vita vya pili vilipoifanya bahari ile kuwa mahali pa hatari. Vita vilipomalizika, meli zikaanza tena kuvuta.

Kitambaa kikifika maabara, jambo la kwanza linalofanywa ni jepesi mno. Kinatazamwa rangi. Hariri huwekwa kando ya kipimo cha rangi na kuandikwa kama haina rangi, ni kijani hafifu mno, kijani hafifu, au kijani. Baadaye ndipo huja hadubini na kuhesabu aina moja moja. Rangi ile iliyoandikwa mwezi kwa mwezi kwa namna ile ile ndiyo iliyoonyesha, miaka mingi baadaye, kuwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Bahari ya Kaskazini ilizidi kuwa ya kijani. Hakuna mzee wa baraza ambaye angeweza kulijua hilo kwa kumbukumbu tu.

Hardy mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Alirusha tiara zenye nyavu ili kuwanasa wadudu wadogo wanaochukuliwa na upepo, akisema moyoni kuwa hewa nayo ina planktoni yake. Mwaka 1942 alihamia Aberdeen, Scotland, na mwaka 1946 akarudi Oxford akiwa profesa. Mwaka 1956 na 1959 alitoa vitabu viwili kwa jina la The Open Sea, cha kwanza cha planktoni na cha pili cha samaki, akavipamba kwa picha alizochora mwenyewe kwa rangi za maji. Mwaka 1957 malkia alimpa cheo cha Sir.

Na ile nadhiri? Hakuisahau. Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 73, alianzisha kituo Oxford cha kukusanya na kuchambua habari za watu wa kawaida walioeleza namna walivyohisi uwepo wa Mungu katika maisha yao. Wapo wanasayansi waliomcheka. Njia aliyoitumia ni ile ile ya baharini: kukusanya, kuandika, kuhifadhi, kupanga. Imani yake si yetu, lakini mtu anayetimiza nadhiri aliyoiweka akiwa na miaka 18 anastahili heshima. Mwaka 1985 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Templeton, na mwaka huo huo, tarehe 22 Mei, akafariki.

Baada ya kufa kwake, daftari lake nalo lilikaribia kufa. Wenye fedha walishaanza kuuliza kuna faida gani kuhesabu vidudu vile vile kila mwezi kwa miaka hamsini. Ndipo mwaka 1990 ulipoundwa wakfu wenye jina lake ili kazi isikatike. Sisi watu wa pwani tunajua wakfu ni nini. Ni mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe, ili faida yake iwafikie hata wasiozaliwa. Leo kazi hiyo inaendelea kutoka Plymouth, kusini mwa Uingereza, na masanduku yake yamekwisha vutwa zaidi ya maili milioni 7 za baharini.

Faida iliyopatikana hata Hardy hakuitarajia. Mwaka 1977 wavuvi wa Plymouth walianza kutoa nyavu nzito zilizojaa utelezi wa kijivu. Ilibainika kuwa ni kimea kigeni, ambacho awali kilijulikana Pasifiki. Vitambaa vya meli ndivyo vilivyoonyesha kilivyosambaa kutoka pale kuingia bahari za jirani. Mwaka 2004 wataalamu waliyafungua majora ya zamani tangu miaka ya 1960 wakatafuta ndani yake nyuzi ndogo za plastiki, wakaona zilivyoongezeka. Walioyahifadhi hawakuwa wakifikiria plastiki. Walihifadhi tu, kwa uaminifu.

Ni haki kusema pia kilichomshinda. Hariri yake ina matundu, na vimea vingi, vikiwemo baadhi ya vyenye sumu, ni vidogo kuliko matundu hayo. Vingi hupenya. Tena meli kubwa hupita bahari kuu, na maafa mara nyingi huanza karibu na nchi, kwenye hori na ghuba ambako maji yametulia na uchafu wa mji unamwagika. Kwa hiyo nchi zilizo makini huongeza kazi nyingine juu ya ile yake. Huchota chupa ya maji mahali pale pale kila wiki, huihesabu kwa hadubini, na hupima nyama ya chaza na kome. Vimea vyenye sumu vikianza kuongezeka, uchumaji hufungwa mpaka maji yasafike. Mlipuko wenyewe hauzuiwi kwa hadubini. Kinachozuiwa ni mtu kula sumu bila kujua. Na anayetaka kuupunguza mlipuko lazima ashuke kwenye chanzo, yaani maji ya vyoo na mbolea, ambayo kwa vimea hivyo ni kama samadi shambani.

Hapo ndipo habari ya Muingereza huyu inaponifikisha kwetu. Hori za Tudor na Mtwapa zinapokea maji machafu ya mji unaokua kila siku, na watoto wetu wanaoga humo na mama zetu wanaokota chaza humo. Machi mwaka 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa. Sumu ya kasa wataalamu wanaihusisha na vitu anavyokula, vikiwemo vimea vya sumu. Hawa ni ndugu zetu, na bahari yao ndiyo bahari yetu.

Wataalamu tunao. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ina makao yake papa hapa Mombasa, na vijana wetu wenye shahada za elimu ya bahari wapo, wengine hawana kazi. Ninachokiona kimepungua ni desturi ya kupima bahari ikiwa nzima. Sisi hukimbilia maji samaki wakishakufa. Ni kama kumpima mgonjwa joto siku ya mazishi.

Hardy hakuwa na meli, akaziomba zilizokuwa zikienda safari zake. Sisi pia tuna vyombo vinavyokwenda kila siku. Kuna mataboti ya Lamu na Mokowe, vivuko vya Likoni, mashua za wavuvi wanaotoka alfajiri msimu wote wa kaskazi. Kila BMU ina katibu na ina daftari la samaki waliopimwa. Je, ni kazi kubwa kuongeza mstari mmoja wa kuandika tarehe, mahali, rangi ya maji, na kama wavu umetoka na utelezi? Na chupa moja ya maji kwa wiki ipelekwe kwa wenye hadubini, na wao wawarudishie wavuvi majibu kwa lugha wanayoielewa? Kaunti ikigharamia chupa na mafuta ya pikipiki ya kuzipeleka, haitafilisika.

Wale wazee wawili wa barazani wote wametangulia mbele ya haki. Mungu awarehemu. Mpaka leo sijui ni yupi kati yao aliyekuwa mkweli, na yakitokea tena kesho Kiunga, wajukuu wao watateta vile vile.